Kisigino kinauma na mwalimu anataka viatu vya pwenti: nianze na nani hapa Lubumbashi?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Katuba: «Binti yangu ana miaka 11. Anasoma dansi ya klasiki mwaka wa pili na nusu sasa, mara 3 kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, katika ukumbi wa sementi wenye karo (vigae). Tangu wiki sita hivi visigino vinamuuma akiruka, na asubuhi anachechemea kidogo. Mwalimu wake amesema tutafute viatu vya pwenti kwa ajili ya onyesho la mwisho wa mwaka wa masomo. Nasikia huko Ulaya wacheza baleti wana madaktari wao. Sisi hapa tumtafute nani, na tuanze na nani?»

Mama, viatu vya pwenti, vile vigumu vya kusimama juu ya ncha za vidole, usinunue mwaka huu. Fedha hizo zina kazi mbili za kutangulia: kumpeleka mtoto kwa kine (mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi), na kuchangia sakafu ya ukumbi. Visigino na viatu ulivyouliza ni jambo moja, ndiyo maana nayajibu pamoja.

Ni kweli kwamba makundi makubwa ya Paris na London yana daktari, kine, mtaalamu wa lishe na mwanasaikolojia chini ya paa moja. Watu hao wanahudumia wachezaji wanaofanya kazi siku nzima, siku sita kwa wiki. Mtoto wa miaka 11 mwenye saa nne na nusu kwa wiki anahitaji wachache: kine wa kumwona mara mbili au tatu kwa mwaka, daktari unayejua mlango wake, mtu wa kushughulikia sakafu, na mpishi, ambaye ni wewe. Wote hao wanapatikana Lubumbashi.

Tuanze na kisigino. Kati ya miaka 8 na 14 hivi, nyuma ya mfupa wa kisigino kuna kipande ambacho bado hakijaungana na mfupa wenyewe. Katikati kuna gegedu la ukuaji. Msuli wa shavu la mguu umefungwa hapo kwa kano nene. Mtoto akirefuka haraka, mfupa unatangulia na msuli unabaki nyuma, umekazika kama kamba ya nguo, na kila kuruka kunavuta palepale. Madaktari wanauita ugonjwa wa Sever. Mwenyewe unaweza kupima leo jioni: mkalishe mtoto, weka kisigino chake kati ya viganja vyako viwili, pande za kulia na kushoto, ubane taratibu. Akikunja uso hapo, yaelekea ni huo. Kama maumivu yako juu zaidi, kwenye kano yenyewe, au ndani nyuma ya kifundo pale tu anaponyoosha vidole mbali kabisa, basi ni jambo lingine, na kine lazima aambiwe hivyo kwa usahihi: wapi, akifanya nini, tangu lini.

Sever hauhitaji plasta wala kitanda. Kwa wiki 4 hadi 6 mtoto asiruke. Kazi ya kushika bomba (lile la kushikilia wakati wa mazoezi), mikono, mizunguko ya taratibu, yote inaendelea. Ndani ya viatu vya shule weka kipande cha mpira laini wa soli za sandali, unene wa sentimita 1 hivi, chini ya kisigino, katika viatu vyote viwili hata kama mguu mmoja tu ndio unaouma, ili nyonga zisipinde. Nyumbani asitembee pekupeku kwenye karo. Baada ya kazi, weka kisigino kwenye sashe ya maji yaliyoganda iliyofungwa kitambaa, dakika 10 hadi 15. Msuli wa shavu la mguu unyooshwe polepole, sekunde 30 mara tatu kila upande, mwili ukiwa tayari una joto. Akirudi kuruka, aanze na miruko 20 ya miguu miwili kwa somo, siku moja aruke na siku moja apumzike, aongeze 10 kila baada ya masomo matatu. Kipimo cha kuendelea ni asubuhi yake: akiamka bila kuchechemea, kiasi cha jana kilimfaa, akichechemea, kilizidi.

Sasa kine. Ulizia huduma ya kinesitherapia katika hospitali kubwa, Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, na usidharau makine wanaofanya kazi na wachezaji mpira. Mji huu ni mji wa mpira. Mtu aliyezoea vifundo vya vijana wa Kamalondo amegusa vifundo vingi kuliko daktari wa ofisini. Ila kuna tofauti moja ambayo lazima umwambie. Mchezaji mpira anaruhusiwa kurudi uwanjani kifundo kikiweza kukimbia na kupiga. Mcheza baleti atabeba uzito wote wa mwili juu ya mguu ulionyooka hadi mwisho, goti likiwa limenyooka pia. Kifundo kinachotosha kwa mpira kinaweza kuwa hakijafika nusu ya kazi hiyo. Kwa hiyo mtoto aende na kaptula fupi na viatu vyake laini vya mazoezi, amwonyeshe kine jinsi anavyokunja magoti, anavyopanda juu ya vidole na anavyotua.

Mwombe kine vipimo vinne, na viandikwe. Cha kwanza ni unyoofu wa mguu: mtoto amekaa, mguu umenyooshwa mbele, penseli inalazwa juu ya kifundo ikifuata mguu, ikilala sawa kutoka mfupa wa ugoko kuelekea vidole bila kunyanyuliwa na ukingo wa mfupa, mguu unafika mstari unaotakiwa kwa pwenti. Cha pili ni kukunjika kwa kifundo: mtoto anasimama mbele ya ukuta, goti linagusa ukuta bila kisigino kunyanyuka, pima umbali wa kidole gumba na ukuta. Karibu na sentimita 10 ni kawaida, na la muhimu zaidi ni kwamba kulia na kushoto visiachane sana. Cha tatu ni kugeuka kwa nyonga kwa nje, mtoto akiwa amelala kifudifudi. Cha nne ni nguvu: apande na kushuka kwa mguu mmoja, hadi juu kabisa, mara ngapi kabla kisigino hakijaanza kuyumba?

Kipimo cha tatu kinaokoa magoti. Dansi ya klasiki inataka miguu itazame nje, na mtoto ambaye nyonga zake hazifiki huko huibia kwenye sakafu: anakunja magoti, anapanga nyayo mstari mmoja, kisha ananyoosha magoti huku nyayo zimeng'ang'ania karo. Nyayo zinatazama nje, magoti yanatazama mbele, na kati yao kuna msokoto unaopita ndani ya goti na kulaza upinde wa mguu. Kwa macho utaona hivi: akikunja magoti, goti linaanguka ndani ya kidole gumba badala ya kupita juu ya kidole cha pili. Nyonga zinazofika mgeuko kamili ni chache mno, hata kwa wachezaji wakubwa. Mwalimu akipata namba za kine atajua mtoto asimame kwa pembe gani, na hatalazimika kukisia.

Kine atatoa mazoezi ya nyumbani. Lastiki ya mazoezi si lazima utoe Ulaya. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa kwa urefu, upana wa sentimita 3, unafanya kazi ileile. Mtoto ananyoosha mguu dhidi ya mpira huo, taratibu kwenda na taratibu zaidi kurudi, mara 15, awamu 3. Aongeze kusimama mguu mmoja, macho yamefumbwa, sekunde 30. Dakika kumi kwa siku zinatosha, mradi zifanywe kila siku.

Kuna wasaidizi ambao nakuomba mtoto asifikishwe kwao. Mkandaji anayevuta na kukunja unyayo ili «upinde ufunguke» analegeza mishipa inayoshikilia mifupa, na mishipa hiyo ikishalegea hairudi kama zamani. Hata watoto kukaliana juu ya nyayo, jambo ambalo katika kumbi nyingi huonekana kama mchezo, ni vilevile. Diclofenac ya farmasi kabla ya somo inanyamazisha maumivu na kumwacha mtoto aruke juu ya jeraha. Tena inachoma tumbo tupu. Na sindano ya kotizoni karibu na kano ya kisigino cha mtoto, kataa, hata kama wameahidi itamsaidia kwa onyesho. Kano iliyodungwa inaweza kukatika.

Daktari anahitajika mara chache, lakini siku hizo hazisubiri. Mtoto akiteguka kifundo na hawezi kutembea hatua nne, au akilia unapobonyeza ukingo wa nyuma wa kimojawapo cha vile vifundo viwili vya mfupa, au mfupa unaojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa mguu, au ule wa upande wa ndani juu ya upinde, apigwe radio (picha ya mifupa). Bila dalili hizo, mara nyingi ni mteguko wa kawaida: kine, bandeji, na kuanza kukanyaga mapema. Maumivu ya mfupa yanayokaa mahali pamoja unapoweza kufunika kwa ncha ya kidole, yanayozidi kila wiki na kumwamsha usiku, hasa juu ya mguu karibu na mzizi wa kidole cha pili, yachukuliwe kama ufa wa uchovu wa mfupa. Hapo usifarijike na radio ya kwanza; ufa huo mara nyingi hauonekani wiki mbili au tatu za mwanzo. Apumzike, radio irudiwe.

Jambo la damu halimo katika vitabu vingi vya baleti, lakini kwetu ni la kwanza kuuliza. Je, unajua kama mtoto ni AA, AS (anabeba selimundu bila kuugua) au SS (mgonjwa wa selimundu)? Mtoto wa SS anaweza kuumwa mifupa bila kosa lolote la dansi. Baridi, kukosa maji na kuchoka kupita kiasi vinaweza kuanzisha mashambulizi ya maumivu. Maumivu ya nyonga au kinena kwake yanataka daktari mapema, kwa kuwa kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu na kufa. Homa pamoja na maumivu ya mfupa, kwa mtoto yeyote, ni hospitali siku hiyohiyo. Mtoto wa AS anacheza kama wengine. Anywe maji na asisukumwe akiwa amechoka. Na baada ya malaria usimrudishe kwenye miruko siku homa inaposhuka. Damu bado ni pungufu: wiki ya kwanza bomba tu, wiki ya pili katikati ya ukumbi, miruko baadaye.

Nimefika kwenye sakafu, na hapa nataka tukae. Karo juu ya sementi haizami hata chembe. Mtoto akitua, nguvu ya mara kadhaa ya uzito wake inarudi yote kwenye kisigino, ugoko na mgongo. Kine atatibu kisigino kwa wiki sita, na ukumbi utakirudisha kilikokuwa kwa wiki mbili. Zulia halisaidii: linashika nyayo wakati wa mzunguko, na msokoto unahamia gotini. Plastiki ya sakafu iliyotandikwa moja kwa moja juu ya sementi inaondoa utelezi tu, chini bado ni jiwe. Sakafu ya dansi lazima iwe na nafasi ya hewa na kitu kinachobonyea chini ya mbao.

Seremala yeyote mzuri anaweza kuijenga. Kwa ukumbi wa mita 6 kwa 8, mtandiko ni huu. Chini kabisa karatasi nene ya plastiki, kwa ajili ya unyevu unaopanda toka sementi wakati wa mvua, Novemba hadi Machi. Juu yake vipande vya mpira wa soli za sandali, sentimita 5 kwa 5, unene wa sentimita 2, vikigandishwa chini ya mbao kila sentimita 30. Vitatakiwa karibu 560. Sponji ya godoro usikubali, hata kama ni rahisi: inalala ndani ya miezi michache na sakafu inabaki na mashimo yasiyoonekana, ambayo ni hatari kuliko sementi. Kisha triplex (plaiwudi) ya milimita 12, matabaka mawili. Karatasi ya mita 1.22 kwa 2.44 inafunika karibu mita 3 za mraba, kwa hiyo hesabu 18 kwa kila tabaka pamoja na za kukatakata, 36 kwa jumla. Tabaka la juu lilazwe kinyume cha la chini ili maungio yasikutane hata mahali pamoja. Maungio yakikutana, hapo ndipo patavunjika. Skrubu ziwe za milimita 20, zisitoboe hadi chini, na sakafu isifungwe kwenye sementi wala ukutani. Acha wazi sentimita 1 kuzunguka kuta zote. Mbao hunenepa wakati wa mvua, na sakafu isiyo na nafasi hiyo inainuka katikati kama tumbo. Juu kabisa plastiki ya sakafu isiyo na nta, ikoshwe kwa maji tu.

Gharama hiyo si ya mzazi mmoja. Lakini wazazi 15 walio tayari kununua viatu vya pwenti wana, wakiunganisha, sehemu kubwa ya bei ya mbao, na sakafu itatumikia watoto wote kwa miaka. Mpaka ijengwe, mwombe mwalimu miruko ipunguzwe, na ile ya mguu mmoja iachwe kabisa kwenye karo. Juni na Julai, asubuhi zetu zikiwa na baridi, somo litanguliwe na dakika 15 za kutembea haraka, kuzungusha viungo na kukunja magoti, watoto wakiwa na soksi na sweta, kabla hawajashika bomba. Kuvuta misuli kwa muda mrefu kuachwe hadi mwisho wa somo; kufanywa mwanzoni kunapunguza nguvu ya kuruka na kutua.

Basi viatu. Wataalamu wa tiba ya dansi wanashauri pwenti zisianze kabla ya miaka 12, na kwa mtoto anayesoma mara mbili kwa wiki zianze mwaka wa nne wa mafunzo, mradi mwili uko tayari. Binti yako ana 11, na miaka miwili na nusu. Mbali na umri, kuna majaribio mawili ambayo mwalimu anaweza kuyafanya ukumbini. Katika la kwanza mtoto anasimama mguu mmoja, kiwiliwili kimelala mbele, mguu wa pili umenyooka nyuma kama ndege. Anakunja goti la mguu uliosimama mara 5 huku vidole vya mikono vikigusa chini. Angalau mara 4 goti lipite juu ya kidole cha pili na nyonga zibaki sawa. Katika la pili anaruka mguu mmoja mara 16, na angalau 8 atue kwa utulivu, unyayo ukinyooka hewani. Kwa kisigino cha sasa, la pili lisijaribiwe. Na ile hesabu ya kupanda kwa mguu mmoja, subirini hadi afike 20 bila kuyumba.

Siku ikifika, msinunue kwa kukisia namba ya kiatu cha shule, wala msichukue vilivyovaliwa na mwingine. Kisanduku cha mbele kimetengenezwa kwa kitambaa, karatasi na gundi, kikachukua umbo la mguu wa kwanza. Na ule ubao wa ndani umeshavunjika pale ulipokunjika upinde wa mtu mwingine. Kiatu sahihi hakiachi nafasi ya kukua: mtoto akikunja magoti, vidole vinagusa mwisho bila kujikunja, akisimama juu, kitambaa cha kisigino kinabanika kwa vidole vyako sentimita 1 tu. Mwanzo ni dakika 10 hadi 15 mwishoni mwa somo, mikono yote miwili kwenye bomba.

Kwa chakula sihitaji kukutafutia mtaalamu, ikiwa mtoto anakula vizuri. Ale bukari (ugali) saa mbili au tatu kabla ya somo. Nusu saa kabla, ndizi au mkate na siagi ya karanga. Baada ya somo asilale bila kula. Mifupa ya umri wake inataka miligramu 1,300 za kalisi (kalsiamu) kwa siku, na ndakala, wale samaki wadogo wanaoliwa na kichwa na miba yao, pamoja na lengalenga (mchicha) na sombe (majani ya muhogo), wanabeba sehemu nzuri ya kiasi hicho. Chai isinywewe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma; chungwa au limao vinasaidia yaingie. Mtu yeyote akimwambia mtoto apungue, mpinge waziwazi. Msichana anayecheza bila kula vya kutosha anapoteza mifupa kwanza: akifika miaka 15 bila kuona siku zake, au zikikatika miezi mitatu, ni daktari, hata kama anacheza vizuri kuliko wote.

Mpiga kinanda ni msaidizi anayesahauliwa. Vijana wa kinanda makanisani wanajua kuhesabu nane na kupunguza mwendo wakimwona mtoto anachelewa. Simu yenye spika haiwezi.

Kinachowaunganisha watu hawa ni daftari moja la kawaida, linalokaa kwenye mfuko wa mtoto. Ukurasa wa kwanza: kundi la damu, kama ni AA, AS au SS, na dawa zinazomdhuru. Kila tarehe 1 ya mwezi andika urefu wake, amesimama ukutani bila viatu. Akirefuka zaidi ya sentimita 2 ndani ya miezi 3, mwalimu apunguze miruko na mivuto hata kama hakuna kinachouma, kwani ndio wakati visigino na magoti huanza. Kine aandike vipimo vyake humo, kwa maneno ambayo mwalimu anaelewa.

Mwalimu mwenyewe usimwendee mbele ya watoto wala wazazi wengine. Nenda baada ya somo na daftari mkononi, umwambie: «Mwalimu, kine amepima, kisigino kinataka wiki sita bila kuruka. Tunaomba kwenye onyesho apewe nafasi ya viatu laini. Vipimo hivi hapa.» Mwalimu anayependa watoto atafurahi kupata namba, na huenda akaomba kine awapime na wengine. Akikataa hata kusoma, badilisha ukumbi.

Wiki hii basi: bana kisigino leo jioni, kata mpira wa viatu vya shule kesho, na uulize tarehe ya kine kabla ya Ijumaa.